Fundi, sinema ina chenga

Mzee mmoja niliyemfungia televisheni ya inchi 65 alinipigia simu usiku, hana hata salamu. "Fundi, hii TV mbovu. Sinema ina chenga." Alikuwa ameweka diski ya The Ipcress File, sinema ya kijasusi ya Uingereza ya mwaka 1965, ile ya Michael Caine na miwani yake ya fremu nene nyeusi. Nikamuuliza: taarifa ya habari ina chenga? Haina. Mpira je? Hauna. Basi, mzee wangu, TV ni nzima. Unachokiona ni mkanda wenyewe.

Mkanda wa filamu hauna piseli. Una chembe za chumvi ya fedha zilizotawanyika ndani ya jelatini, na mkanda ukiwa wa rangi, fedha huoshwa maabara yakabaki mawingu madogo ya rangi pale chembe zilipokuwa. Hakuna fremu mbili ambazo chembe zake zimekaa sawa. Zikipita fremu 24 kwa sekunde, picha inaonekana kama inachemka taratibu. TV zetu za kichogo zilikuwa hazina uwezo wa kuonyesha hayo, tukadhani hayapo.

Kwa nini Ipcress inachemka kuliko nyingine? Kubana matumizi. Ilipigwa kwa mtindo wa Techniscope: kila fremu inachukua matundu mawili ya pembeni mwa mkanda, badala ya manne ya kawaida. Unapata picha pana kwa nusu ya mkanda. Lakini kifremu hicho ukikitandaza kwenye kioo cha inchi 65, kila chembe inatanuka nacho.

Sasa weka North by Northwest ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1959. Hiyo ni VistaVision: mkanda uleule wa milimita 35, ila umelazwa ubavu, na kila fremu inakula matundu manane. Ukipima eneo, fremu yake inazidi ile ya Techniscope takriban mara nne. Ndiyo maana sinema iliyotangulia kwa miaka sita inaonekana kama imepigwa juzi, hadi unaona ufumaji wa suti ya kijivu ya stelingi wake, Cary Grant. Wateja wangu wengi huuliza sinema ni ya mwaka gani. Mimi huuliza fremu yake ilikuwa na ukubwa gani.

Ukali huo unafichua mengi. Umoja wa Mataifa haukumruhusu Hitchcock kupiga picha kwenye makao yake New York, akamnasa Grant kwa kamera iliyofichwa, akiingia. Pale Grant, anayesingiziwa kuwa jasusi, anapokimbia, tukimtazama kutoka juu kabisa ya jengo, sehemu kubwa ya unachokiona ni mchoro wa brashi. Kwenye diski nzuri mchoro unajulikana. Mimi napenda ujulikane.

Kusafisha mikanda ya zamani ndiko kwenye mtego. Sinema za James Bond zilisafishwa na kampuni ya John Lowry huko Burbank, California, wakaskani negativu, yaani mkanda wenyewe uliopita kwenye kamera, kwa 4K, takriban piseli elfu nne kwa upana. Za kwanza zikatoka kwa Blu-ray mwaka 2008. Lowry ndiye aliyekuwa amesafisha picha za televisheni za Apollo 16 kutoka mwezini, mwaka 1972. Programu za kazi hii hulinganisha fremu na jirani zake: doa lililo kwenye fremu moja tu huhesabiwa vumbi, likazibwa kwa kipande kutoka fremu ya jirani. Hila nzuri. Ila tone la mvua nalo huonekana fremu moja, na cheche ya risasi vilevile, kwa hiyo lazima mtu akae aangalie mashine inafuta nini. Anayezidisha hufuta na chembe, na zikiondoka huondoka na vinyweleo vya ngozi: stelingi anabaki na uso wa mshumaa.

Na TV yako inaweza kukuharibia kazi hiyo yote sebuleni. Ingia kwenye menyu, chagua hali ya sinema. Zima kipunguza chenga, zima kilainisha mwendo, maana hicho kinabuni fremu ambazo hakuna kamera iliyozipiga. Ukali urudishe chini. Kwenye TV nyingi sifuri ndiyo sahihi, ingawa si zote.

Mzee nilimfanyia hivyo kwa simu, akinung'unika kila hatua. Kesho yake nikampelekea ile ya Hitchcock. Saa nne usiku simu ikalia tena. "Fundi! Kwenye mgahawa wa Mount Rushmore, nyuma ya yule mwanamke, kuna mtoto anaziba masikio kabla bastola haijalia!"

Ni kweli, yupo. Nadhani walirudia tukio hilo mara nyingi, mtoto akachoka na mlio.