Albamu ya muziki kwenye DVD: maana yake na fomati za sauti zinazokubalika

Kuweka albamu kwenye DVD ni kupanga nyimbo ndani ya diski hiyo kwa namna ambayo deki ya sebuleni itazitambua na kuzipiga. Wengi huangalia nafasi peke yake. CD ya sauti inabeba dakika 74 hadi 80, DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7, basi wanajaza mafaili, wanachoma, wanampelekea shangazi, na deki inagoma kuisoma. Nafasi ilikuwepo tele. Mpangilio wa mafaili na fomati ya sauti ndivyo vilivyokosewa.

Diski ileile tupu inaweza kuchomwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni DVD-Video, ile ya filamu, ambayo kila deki ya DVD inaifahamu. Ya pili ni DVD-Audio, iliyobuniwa mahsusi kwa muziki na kuingia sokoni mwaka 2000. Sauti yake ni nzuri sana, lakini inataka deki ya aina yake, na deki hizo hazikuenea. Kwa mtu wa kawaida leo ni sawa na kutokuwepo. Ya tatu ni diski ya data, yaani mafaili ya MP3 yamehifadhiwa tu kama ambavyo yangekaa kwenye flashi.

Ukifungua DVD ya filamu kwenye kompyuta utaona folda inayoitwa VIDEO_TS, na mara nyingi pembeni yake nyingine tupu inayoitwa AUDIO_TS. Folda hiyo tupu imewapoteza wengi. Mtu akiona jina lake anadhani ndipo pa kuweka nyimbo, anatupia MP3 zake humo, na deki haipigi chochote. AUDIO_TS ni makao ya DVD-Audio, yenye mafaili yake maalumu. Kwenye DVD-Video kila kitu, sauti ikiwemo, kinakaa VIDEO_TS, ndani ya mafaili ya VOB ambayo kila moja halizidi GB 1. Mafaili hayo hutengenezwa na programu ya kuunda DVD. DVDStyler, kwa mfano, inafanya kazi hiyo na hailipiwi.

Sasa sauti yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo albamu nyingi zinapoharibikia. Sauti ya kidijitali ni vipimo vya wimbi la sauti vinavyochukuliwa mara nyingi sana kwa sekunde. Kila kipimo ni sampuli. CD, ambayo kanuni zake ziliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980, ina sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli, kila moja ya biti 16. Namba hiyo ilitokana na mashine za video, kwa kuwa wakati ule sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video. Kwa mfumo wa Marekani na Japani zilitumika sampuli 3 kwa kila mstari wa picha ya video, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Kwa mfumo wa Ulaya ni sampuli 3, mistari 294, mara 50. Piga hesabu zote mbili, jibu ni 44,100.

DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 ilitoka kwa watu wa filamu na televisheni, ambao sauti yao ilikuwa ikirekodiwa kwa sampuli 48,000. Kwa hiyo DVD-Video inapokea kHz 48 (yaani sampuli 48,000 kwa sekunde), na kwa sauti isiyobanwa hata kHz 96. Ile kHz 44.1 ya CD haina nafasi kabisa. Kila albamu inayotoka kwenye CD lazima ihesabiwe upya: penye sampuli 147 za zamani zitengenezwe 160 mpya. Programu nzuri huifanya kazi hiyo bila sikio kugundua. Hatari ni pale faili linapobandikwa tu lebo ya 48 bila kuhesabiwa upya. Wimbo unakwenda kasi kwa karibu asilimia 9, sauti ya mwimbaji inapanda nusutoni moja na zaidi, na wimbo wa taarabu wa dakika 15 unaisha kabla ya dakika ya 14. Ukisikia bibi mwimbaji kageuka binti, anza kuchunguza hapo.

Baada ya kasi ya sampuli ni namna ya kuihifadhi sauti. LPCM ni sauti isiyobanwa, ndugu wa kile kilichomo kwenye CD. AC-3, inayojulikana madukani kama Dolby Digital, imebanwa kwa kutupa sehemu ambazo sikio haliwezi kuzipata kirahisi, na ndiyo iliyozoeleka kwenye filamu. MP2, nayo sauti iliyobanwa, inakubalika kwenye deki za PAL, mfumo wa picha wa deki za Tanzania na Kenya, lakini deki ya NTSC, mfumo wa Marekani, hailazimiki kuijua. Usiitegemee kama diski inakwenda kwa ndugu aliyeko Marekani. DTS, aina nyingine ya sauti iliyobanwa, ni ya hiari, na deki nyingi haziwezi kuipiga bila msaada wa amplifaya inayoielewa.

Ushauri wangu kwa muziki uliotoka kwenye CD ni LPCM, bila kusita. Stereo ya kHz 48 na biti 16 inakula kilobiti 1,536 kwa sekunde, kwa hiyo DVD ya GB 4.7 inabeba zaidi ya saa sita. Albamu ya taarabu ya nyimbo sita ni kama saa nzima, maana yake diski moja inameza albamu sita bila kupunguza hata chembe ya fidla au qanuni. Kubana muziki wakati nafasi ipo ni hasara ya bure. AC-3 ya kilobiti 448 inafikisha zaidi ya saa 20, na ya 192 zaidi ya saa 50. Hizo ziwekee mawaidha na hotuba, ambako neno kusikika kunatosha.

DVD-Video pia inadai picha, hata kama unataka muziki tu. Picha moja ya jalada la albamu inatosha, kwa ukubwa wa 720 kwa 576 kama ni PAL. Kila albamu iwe taitoli yake, kila wimbo chapta yake, ili mtu aruke kwa rimoti kama alivyozoea kwenye CD.

MP3 haimo kabisa kwenye kanuni za DVD-Video. Deki zinazoipiga zinafanya hivyo kwa hisani ya mtengenezaji, na nyingi kweli zinaipiga, ndiyo maana diski ya data yenye nyimbo zaidi ya 1,000 inawezekana. Kabla ya kuchoma, tazama kama deki ina alama ya MP3 usoni. FLAC na M4A, aina nyingine za mafaili ya sauti, zitakataliwa na deki nyingi. Yape mafaili majina yanayoanza na 01, 02, 03, kwa sababu deki nyingi hufuata mpangilio wa majina, na tarajia ukimya mfupi kati ya nyimbo hata kama onyesho lilirekodiwa mfululizo. Kumbuka pia kwamba MP3 ikigeuzwa kuwa LPCM inapata ukubwa tu. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Kama CD yenyewe bado ipo, anzia hapo.

Kwenye kuchoma, DVD-R ndiyo inayopokelewa vizuri zaidi na deki za zamani. Kompyuta nyingi zitakuonyesha nafasi ya 4.37 badala ya 4.7, kwa kuwa zinahesabu GB kwa njia yao, basi usijaze hadi ukingoni. Choma kwa mwendo wa chini, hakikisha programu imeifunga diski mwishoni (kwa Kiingereza "finalize"), kisha ijaribu kwenye deki ileile itakayotumika, ukianza na wimbo wa mwisho wa albamu ya mwisho, kwa sababu ukingo wa nje wa diski ndio unaosumbua kusomeka.