Mnawavisha pini, halafu wanapotea

Kila mwaka ikikaribia Julai simu yangu inaanza kuita, rais mteule wa klabu fulani ya Rotary, hizi klabu za watu wanaojitolea kuhudumia jamii, anataka nije niongee na watu wake kuhusu kuongeza wanachama. Huwa namuuliza swali moja kwanza, mwaka jana wameondoka wangapi? Kimya. Walioingia anawajua mpaka majina, picha zao anazo kwenye simu, ila waliopotea hamna aliyewahesabu.

Siwacheki, maana limenikuta. Mwaka wangu wa urais hapa Mwanza tuliwavisha pini ya uanachama watu 11 usiku mmoja, hoteli ya maana, upepo wa ziwa, mishkaki, mi nikajiona jembe kweli kweli. Mvua za Machi zinaanza wamebaki 3. Nikampigia mmoja, fundi umeme wa Igoma, nikijua atalalamikia ada. Akaniambia, "Mheshimiwa rais, ada siyo ishu. Mi nilikuja kufanya kazi, nimekaa miezi minne nakunywa chai na kusikiliza ripoti ya mhazini."

Iliniuma ile, yaani fundi umeme mzima tumemkalisha kwenye kiti wakati kuna zahanati tuliyokuwa tunaichangia ina chumba hakiwaki taa.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: mgeni apewe kazi ndani ya mwezi wa kwanza, kazi ndogo, yenye jina lake na siku ya kuisha. Usimwambie "karibu ushiriki miradi", hiyo haina maana yoyote. Mwambie Jumamosi saa tatu uje na tester na ngazi, ukague nyaya za chumba kile, utupe listi ya vitu vya kununua. Na asiende peke yake, apewe mwenzake wa zamani kidogo, sababu mtu akishafahamiana na watu wawili watatu kumtoa siyo rahisi, ila akiwa anajuana na grupu la WhatsApp tu siku akileft hata hamtashtuka.

Halafu hili la kukutania hotelini. Rotary yenyewe imeanza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris na wenzake watatu, na jina limetokana na kuzungusha mikutano, leo ofisi ya huyu, wiki ijayo ya yule. Wazee wa Kisukuma hapa wanaelewa haraka, ni kama vijana walivyokuwa wanalima kwa zamu chini ya nsumba ntale, yaani kiongozi wao, shamba la huyu kisha la yule. Na moja ya kazi zao za mwanzo kule ilikuwa vyoo vya umma, VYOO jamani, nikisema hivyo kwenye semina watu wa suti wanacheka ila mama muuza dagaa anakuwa ameshakuelewa hata hujamaliza sentensi.

Sema huyo mama Rotary ya wakati ule ingemkataa, maana wanawake walikuja kuruhusiwa rasmi mwaka 1989, miaka 84 baadaye. Sasa sisi hatuna sheria ya kumzuia, ila tukiweka mkutano saa saba mchana, hotelini, kila mtu ajilipie msosi, si tumemzuia vilevile? Tukahamishia mikutano jioni, mara moja Kirumba kwenye ofisi ya mwanachama, mara nyingine Nyegezi, kahawa na kashata basi. Wakongwe wawili walinuna wakasema tunashusha hadhi. Mmoja karudi, mwingine mpaka leo hatusalimiani vizuri.

Kuhusu uongozi sina mengi, urais wa Rotary ni mwaka mmoja tu, unaanza Julai 1. Ukishika kila kitu mwenyewe, ufunguo wa stoo kwako, namba za wafadhili kwako, kumbukumbu za vikao kwenye simu yako, atakayekuja anaanza na sifuri na wanachama wanaliona hilo.

Yule fundi alirudi, taa zikawaka, na akamleta shemeji yake anayeuza dagaa soko la Mwaloni, mama ambaye hesabu ya magunia anaifanya kichwani huku anaongea na simu. Julai hii anashika uhazini. Ameshaniomba madaftari ya zamani, nimempa yote, nimemwomba tu mwaka wangu asiusome kwa sauti.