Taa Iliyokataa Kutulia: Watoto Wanavyojifunza Kompyuta kwa Kuunda Vitu

Giza likiingia taa iwake, kukipambazuka izime. Mtoto wa miaka 11 huielewa kazi hii kabla hujamaliza kuieleza, ndiyo maana sisi wakufunzi hupenda kuanza nayo. Kila kikundi hupewa bodi ya Arduino (kompyuta ndogo inayopokea programu na kuendesha vifaa vilivyounganishwa nayo), kihisi mwanga, taa ndogo ya LED, rezista na nyaya chache. Kihisi hupima mwanga, na bodi huusoma kama namba kati ya 0 na 1023. Watoto huandika programu fupi: namba ikishuka chini ya 300, washa taa, la sivyo, zima.

Wanafunika kihisi kwa kiganja, taa inawaka. Shangwe. Kisha tunafunga mapazia, chumba kinaingia kiza, na taa inaanza kupepesa: inawaka, inazima, inawaka, inazima, haitulii.

"Mwalimu, imeharibika!"

Haijaharibika, na hapo ndipo somo langu la kompyuta linapoanza hasa. Kwanza watoto hushuku nyaya, wakazichomoa na kuzichomeka upya. Bado. Wanaisoma programu mstari kwa mstari, hawaoni kosa. Mmoja anaomba namba zionekane kwenye skrini: 280, 340, 275, 345. Zinapanda na kushuka pamoja na taa. Mwingine anasimamisha kipande cha karatasi ngumu kati ya taa na kihisi, na papo hapo taa inatulia. Kumbe taa ilikuwa inakimulika kihisi chake yenyewe! Ikiwaka, kihisi kinaona mwanga, programu inaizima. Ikizima, giza linarudi, programu inaiwasha. Programu ilitii kila neno ililoambiwa.

Sasa wana njia mbili. Ya kwanza ni ya mikono: kihisi kihamishwe au kikingwe. Ya pili ni ya programu: waweke mipaka miwili badala ya mmoja. Taa iwake namba ikishuka chini ya 300, lakini isizime mpaka ipite 400. Katikati ya hapo ibaki ilivyo. Friji hutumia mbinu hiyohiyo ili mota yake isiwake na kuzima kila dakika. Mtoto aliyelijaribu suluhisho hilo kwa mkono wake amejifunza sharti (ikiwa hivi, fanya hivi), kitanzi (maagizo yanayorudiwa tena na tena) na kumbukumbu ya hali iliyopita, tena amejua kwamba tatizo moja linaweza kutatuliwa kwa waya au kwa maandishi, na ni juu yake kuchagua.

Wazo hili la kujifunza kwa kuunda lina umri. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walibuni Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto. Baadaye lugha hiyo ilikuja kuongoza kobe wa roboti aliyechora sakafuni: mbele 100, kulia 90, rudia mara 4, mraba umekamilika. Mtoto aliyekwama alihimizwa asimame, azitembee hatua hizo mwenyewe, ajue wapi amepotea. Leo vifaa ni vingi zaidi. Arduino ilianza mwaka 2005 nchini Italia, na mwaka 2016 wanafunzi wapatao milioni moja nchini Uingereza waligawiwa micro:bit, bodi ndogo inayoenea kiganjani.

Vifaa peke yake havifundishi. Nimeingia madarasa ambamo kila mtoto alikuwa na karatasi ya maelekezo, hatua ya 1 hadi ya 20, na taa zote ziliwaka sawasawa. Nilipouliza kwa nini rezista ipo pale, kimya. (Ipo ili kupunguza mkondo wa umeme, LED isiungue.) Mwalimu mwenzangu, nakusihi: mtoto akikwama, usiishike waya yake. Muulize ulitarajia nini, umeona nini, na utajuaje kama kosa liko kwenye waya au kwenye programu. Kisha ngoja, hata kama kengele inakaribia.

Angalia pia nani anashika nini. Kikundi kisizidi watoto watatu, na kazi zizunguke, maana mwepesi wa kibodi huikalia mpaka mwisho. Mara nyingi nimeona wasichana wakiachiwa kupaka rangi boksi ilhali wavulana wanaunganisha nyaya. Hilo linaniuma, na halijirekebishi bila mwalimu kuingilia kati.

Kuhusu usalama sina mjadala: betri ndogo tu, kamwe si umeme wa ukutani.

Kwenye alama, mimi hutazama daftari kabla ya kifaa. Kila hitilafu huandikwa: tulidhani nini, tulijaribu nini, kikatokea nini. Kikundi ambacho taa yake bado inapepesa, lakini daftari lake linaonyesha majaribio manne yaliyofikiriwa vizuri, hupata alama nyingi kuliko kile kilichonakili programu ya jirani ikafanya kazi mara ya kwanza.