Je, wajua? "Boma" si herufi za Kiingereza

Kaa Kisumu au Nakuru kidogo, hutakosa mtu wa kukueleza kuwa boma ni herufi nne za Kiingereza: British Officers' Mess Area, yaani bwalo la maafisa. Mwingine atakuapia kuwa ni British Overseas Management Administration. Hadithi hii inaaminika upesi kwa sababu mkuu wa wilaya kweli alikaa bomani, na wapo wazee ambao kwao hadi leo ofisi za serikali ni bomani tu.

Anza na tarehe. Mwanahabari na msafiri Stanley alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha 1872 kuhusu safari ya kumtafuta Livingstone, akimaanisha ua wa kuzungushia kambi au kijiji. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, nayo inalo, kwa maana ya ukuta wa miti wa kuulinda mji. Himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilitangazwa 1895, na Kisumu ilihesabiwa upande wa Uganda hadi 1902. Bwalo gani hilo lililotoa jina zaidi ya miaka 20 kabla ya himaya yenyewe kutangazwa?

Kisha tazama hayo majina mawili. Kifupisho halisi hakigombaniwi: KIWASCO ni kampuni ya maji ya Kisumu, basi. Neno moja likipewa tafsiri mbili za herufi zilezile, kwa kawaida zote mbili zimetungwa baadaye. (Wingi wa "maboma" peke yake hauthibitishi kuwa neno ni letu, maana hata "gari", neno lililotoka India, lina "magari".)

Sasa, ua uligeukaje kuwa ofisi? Ukiagiza sahani moja ya pilau kibandani, huli sahani. Chombo kimetaja kilichomo. Boma nalo lilikuwa ua. Likawa uwanja ulio ndani ya ua, pamoja na nyumba, ng'ombe na familia. Serikali ilipojenga vituo vyake ndani ya ua, jina likahamia kwa waliokaa humo. Miti ikaoza, jina likabaki.

Lugha nyingine zimepita njia hiyohiyo. Neno la Kiingereza la mji, town, zamani lilikuwa kiwanja kilichozungushiwa ua. Ndugu yake wa Kijerumani, Zaun, bado ni ua wenyewe, na wa Kiholanzi, tuin, ni bustani. Hata Firdausi, iliyotufikia kupitia Kiarabu, chimbuko lake ni neno la Kiajemi cha kale la mahali palipozungushiwa ukuta. Kwa hiyo pepo nayo ni boma, kama hesabu inakubalika.

Huku magharibi mwa Kenya ua haukuwa wa miiba tu. Wabukusu walijenga lukoba, kijiji chenye ukuta wa udongo. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoko Migori, huenda ni la karne ya 16: kuta za mawe zisizo na saruji wala udongo wa kushikanisha, kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Mawe yamepangwa pande mbili, nje na ndani, na katikati kukajazwa madogo. Pande hizo zikiachana, ukuta hutumbuka. Mtaa wa Manyatta, Kisumu, ni kisa kingine: kwa Wamaasai emanyatta ni kijiji cha morani, na boma la kawaida la familia ni enkang.

Neno halijaacha kutembea. Tovuti ya kujiandikisha kwa nyumba za bei nafuu za serikali inaitwa Boma Yangu, na anayefanikiwa huenda akapata vyumba viwili ghorofa ya nne, bila ua wala ng'ombe. Walimu wa sarufi wangetaka "boma langu". Krapf pia: kamusi yake inasema boma "la".