Mtoto wa Bweni Aliyeacha Kulia

Kila shule zinapofunguliwa mwezi Januari, swali ambalo mimi kama mwanasaikolojia wa watoto huulizwa zaidi na wazazi ni lile la mtoto mdogo aliyepelekwa bweni: alilia siku za mwanzo, akakataa kula, kisha akatulia, na matroni anasema sasa hana shida yoyote. Mzazi anataka nimhakikishie kwamba mambo yamekwisha. Siwezi kumpa hakikisho hilo, kwa sababu mtoto wa miaka sita au saba huacha kulia kwa sababu mbili zinazokinzana kabisa: ama amempata mtu mzima mwingine wa kumtegemea, ama amekata tamaa kwamba atampata. Kwa anayepita tu bwenini, watoto hao wawili wanafanana.

Tanzania ina msimamo wa kisera juu ya jambo hili. Mwaka 2023 wizara yenye dhamana ya elimu ilisitisha huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, kuanzia tarehe 1 Machi, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hoja kwamba watoto wa umri huo wanahitaji kukua karibu na familia na jamii zao. Wapo wazazi walionung'unika, na sikuwashangaa. Mtu anayempeleka mtoto wa darasa la pili bweni mara nyingi hana tatizo la upendo. Ana kazi ya zamu, au ndoa imevunjika, au dada wa kazi ameondoka ghafla kwa mara ya tatu. Isitoshe, kutwa si dawa peke yake. Mtoto wa Dar es Salaam anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri na kurudishwa jioni akiwa amesinzia, akakuta kazi za nyumbani na runinga, hulala kwao lakini haonani na wazazi wake kwa maana yoyote ya malezi.

Utulivu unaodanganya ulielezwa vizuri zaidi katika wodi za hospitali za Uingereza, miaka ambayo wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao kwa muda mfupi sana. James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyeshirikiana na daktari wa akili John Bowlby, alitoa mwaka 1952 filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo. Katika kuwafuatilia watoto kama huyo, wawili hao walitambua hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: hulia, huita, huutazama mlango. Kisha huzama katika huzuni na kunyamaza. Mwisho hujitenga kihisia, akacheza na yeyote, akapokea peremende kwa mgeni yeyote, na mama anapokuja hamkimbilii. Wauguzi walikuwa wakiichukua hatua ya pili na ya tatu kuwa ni mafanikio, kwa kuwa wodi ilikuwa kimya, na mgeni wa saa za kutembelea alionekana msumbufu kwa sababu kila akija watoto walianza tena kulia. Mwaka 1959 ripoti iliyoandaliwa kwa serikali ya nchi hiyo ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kuwekewa mipaka hiyo. Nimewahi kusikia hoja ileile ya wauguzi hao ikitolewa kuhusu siku ya kutembelea wanafunzi wa bweni: msije mara kwa mara, mnawavuruga.

Mtu mwingine aliyelichunguza jambo hili alilifanyia kazi hapa kwetu Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby jijini London, aliishi Uganda katikati ya miaka ya 1950 na kuwatembelea akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga majumbani mwao, katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake humwacha na kwenda kuchunguza vitu, humrudia, kisha huenda tena. Ukaribu ndio uliompa ujasiri wa kwenda mbali. Baadaye, nchini Marekani, alibuni jaribio fupi la kumwacha mtoto kwa dakika chache na kumrudia. Baadhi ya watoto hawakulia mama alipotoka, na aliporudi walimkwepa. Watafiti waliofuata walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo, na huko Ujerumani mwaka 1993 kiwango cha kotisoli, yaani homoni inayopanda mwili unapokuwa katika msongo, waligundua kwamba miili yao haikuwa imetulia hata kidogo. Mtoto alikuwa amejifunza kuficha.

Kosa linalofanyika kwa urahisi ni kuyasoma haya na kudhani kwamba mtoto ni wa mama peke yake. Kwetu haikuwa hivyo, na si lazima iwe hivyo. Mtoto aliyelelewa na bibi, akazungukwa na mama wadogo, shangazi na binamu, anaweza kuwa na mfungamano imara kuliko yule aliyefungiwa ghorofani na mzazi mmoja aliyechoka. Jambo la msingi ni kuwapo kwa mtu mzima mahususi, yuleyule wa jana na wa mwezi ujao, anayeijua hofu ya mtoto huyu na kuishughulikia. Bibi anaweza kuwa mtu huyo. Matroni mwenye moyo mwema naye anaweza, ila anao watoto wa bweni zima, na mwakani huenda asiwepo.

Kwa hiyo nawashauri wazazi wasipime kwa kilio cha bwenini, bali wamtazame mtoto wakati wa likizo. Mtoto anayekuja nyumbani na kukaa kama mgeni, anayeomba ruhusa ya kunywa maji, anayeitikia kila jambo kwa adabu kupita umri wake, hunitia wasiwasi kuliko anayezira na kugomba siku ya tatu. Hasira hiyo ina ujumbe: bado anatarajia kusikilizwa. Ishara nyingine ni kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kuficha chakula chini ya godoro, na maumivu ya tumbo yanayozidi kadiri tarehe ya kurudi shuleni inavyokaribia huku vipimo havionyeshi ugonjwa. Dalili moja peke yake si ushahidi. Zikija kwa pamoja na kudumu, uamuzi wa bweni uangaliwe upya, hata kama ada imekwisha kulipwa.

Pale ambapo hakuna njia nyingine, yapo ya kufanya. Mwage mtoto waziwazi. Kutoroka akiwa anacheza humfundisha kwamba watu hutoweka asipowaangalia. Ukiahidi kuja Jumamosi, njoo Jumamosi hiyo. Omba shule imtaje kwa jina mlezi mmoja wa mtoto wako, na simu ipigwe siku na saa ileile kila wiki, mtoto azungumze bila mtu kusimama pembeni. Mpe khanga ya mama au shati kuukuu la baba alalie, na kanuni za bweni zikikataza, zijadiliwe na mkuu wa shule. Wiki ya kwanza ya likizo isijazwe masomo ya ziada. Na mtoto wa kiume asiambiwe kwamba mwanamume halii. Wengi wao wamekwisha kuacha, na hapo ndipo kazi yangu inapoanza.

Kijana wa kidato cha kwanza ni habari tofauti. Katika umri huo marafiki huwa na nguvu kubwa, na wengine hustawi sana bweni. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo mlezi mmoja anayemfahamu kijana kwa jina na kwa tabia bado ni wa lazima. Mtoto au mzazi asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto isiyotozwa gharama, inayopatikana Tanzania na Kenya pia.