Siku moja Kilimanjaro: hapana, barafu hamtaigusa

Mishahara ikitoka, simu za vikundi huanza kuingia. Kwaya, ofisi nzima, wanachuo waliomaliza mitihani. Wote wanataka safari ya siku moja Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kupanda asubuhi na kurudi mjini jioni. Ni safari nzuri sana na huwa naifanya kwa furaha. Ila kabla hatujamaliza hata habari ya bei, lazima lije swali lile lile: "Kiongozi, tukidamka alfajiri kabisa, si tutafika kwenye barafu, tupige picha, tushuke?"

Hapana. Wala tukianza saa kumi usiku. Wala mkiniongezea hela. Nimeshachoka kulijibu hili kwenye simu, kwa hiyo nalimaliza hapa.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina ubishi. Lango la Marangu liko chini kidogo ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mandara, kambi ambako safari ya siku moja huishia, ni mita 2,720. Kambi ya Horombo ni 3,720, kambi ya Kibo 4,720, na kilele cha Uhuru 5,895. Kutoka langoni hadi Uhuru ni zaidi ya kilomita 30, kwenda tu. Kipande cha Mandara peke yake ni kama kilomita 8, na kikundi cha kawaida hukitembea kwa saa tatu hadi nne, kwa sababu kila kikundi kina mtu mmoja aliyevaa viatu vipya na mwingine anayesimama kila kona kujipiga picha. Mkiingia saa tatu asubuhi, mmefika Mandara mchana, mmekula, mmezunguka kidogo, muda wa kushuka umewadia. Barafu yenyewe ipo juu kabisa ya Kibo, siyo kambi bali kile kilele kikubwa cha mlima, na imepungua mno: ukilinganisha na mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imeshatoweka. Kutoka Mandara mmebakiza siku kadhaa za safari. Siyo saa.

Hapo ndipo anapojitokeza yule wa mazoezi. Kila kikundi kinaye. "Hao ni wengine, mimi nakimbia kilomita kumi kila Jumamosi." Hongera, kaka. Miguu yako haina shida, na mimi sikuwa naizungumzia.

Watu hudhani kule juu oksijeni "imeisha". Haijaisha. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile asilimia 21, uwe Kigoma, uwe Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Mandara umebaki kama robo tatu hivi ya ule wa pwani, Uhuru karibu nusu. Kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuingizia oksijeni kidogo zaidi, hata kama kifua chako ni kipana kama mlango. Mwili hujibu kwa kujipanga upya. Kwanza unapumua haraka na moyo unaongeza kasi, hilo huanza mara moja. Kisha figo zinaanza kurekebisha kemia ya damu, na ndiyo maana watu mlimani hukojoa sana. Kazi hiyo huchukua siku. Chembe nyekundu za damu kuongezeka kwa maana ya kweli huchukua wiki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoharakishwa na kupiga pushapu nyumbani. Mazoezi yanakupa misuli isiyochoka upesi, na mwenye misuli hiyo ndiye anayepanda mbio akaufikia mwinuko kabla mwili haujajipanga. Wapanda milima wa miaka mingi wanalijua hili: kijana mwenye nguvu anatapika kando ya njia, na bibi wa miaka sitini anampita akitembea kama anaenda sokoni.

Kanuni inayofuatwa milimani duniani kote ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 hivi juu ya pale ulipolala jana. Sasa tazama vituo vya Marangu: 2,720, 3,720, 4,720. Mita elfu moja kila mara, mara mbili ya kinachoshauriwa. Maana yake hata ratiba fupi ya siku 5, ile inayouzwa sana, tayari ni ya haraka, na ndiyo maana mimi huwashauri wanaotaka kilele waongeze siku ya kupumzika Horombo. Wewe unaniomba niikunje siku 5 iwe Jumamosi.

"Mbona kuna Mzungu alipanda na kushuka kwa saa saba?" Yupo. Karl Egloff, mwaka 2014, alipanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42, na video zake mnatumiana sana. Ila hamtumiani habari kwamba ni mtu wa Quito, Ecuador, mji wenyewe ulioko juu kuliko Mandara, na milima ndiyo kazi yake. Mtu wa namna hiyo akipanda kwa saa saba haiwi ratiba ya kwaya.

Wapo pia wanaoniambia, "Sisi ni Wachaga, mlima tumezaliwa chini yake." Na mimi nimezaliwa chini yake. Moshi mjini ni kama mita 800 au 900, na vijiji vingi vya juu havifiki hata lango. Damu haikumbuki ukoo. Damu inakumbuka ulilala wapi wiki hii, na kama umelala Dar es Salaam, wewe na mgeni aliyeshuka ndege jana mko sawa.

Jambo moja niliseme sawasawa, nisije nikamtisha mtu bure. Safari ya kwenda Mandara na kurudi siku hiyo hiyo ni salama kwa upande wa mwinuko, kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua kuanzia kama mita 2,500, na mara nyingi hujitokeza baada ya saa kadhaa ukiwa juu, sita hadi kumi na mbili, wakati ambao ninyi mmeshashuka na mnakula nyama mjini. Kichwa kinachowauma watu Mandara mara nyingi kinatokana na kutokunywa maji na kutoka nyumbani bila kifungua kinywa. Hata hivyo, kichwa kikiuma na tumbo likichafuka na mtu akaanza kuyumba, hatujadiliani. Tunashuka. Dawa ya mwinuko ni kushuka. Dawa iitwayo Diamox humsaidia mwenye safari ya siku nyingi kuzoea mapema, na ni ya kuzungumza na daktari. Siyo ya kumeza langoni kwa sababu rafiki yako alikuwa nayo kwenye pochi.

Mkitaka mwinuko mkubwa kwa siku moja, kuna uwanda wa Shira kwa lango la Londorosi, ambako gari hupanda hadi mita 3,500 na zaidi kidogo. Ni pazuri mno: pamefunguka, upepo, Kibo mbele yako. Lakini huko ndiko kichwa huuma kweli, kwa sababu mwili umetolewa Moshi ukapandishwa mita zaidi ya 2,500 kwa saa chache umekaa kwenye kiti. Gari halimzoeshi mtu. Ukishuka garini, nusu saa ya kwanza tembea kama mgonjwa aliyeruhusiwa jana kutoka hospitali, hata kama unajisikia mzima. Watu hunicheka ninaposema hivyo, kisha huanza kutafuta jiwe la kukalia.

Basi hilo limekwisha. Mengine ni madogo.

"Ni hifadhi ya taifa, tutaona simba." Kwa simba nenda Serengeti. Njia ya Marangu inapita msituni, na wanyama wake ni wa mitini: kima, na mbega mweusi mwenye mkia mweupe, ambaye huwezi kumchanganya na mwingine. Mtazame mikono anapotulia, kidole gumba karibu hana. Kima wa Mandara wameshawazoea watu kupita kiasi. Ukiweka lanchi boksi mezani ukageuka kupiga picha, umeshamlisha. Usimpe chakula kwa mkono, hata mtoto akililia. Na kama huna bahati ya mnyama, inama utazame pembeni ya njia, penye unyevu. Kuna ua dogo jekundu na njano, limepinda kama mkonga wa tembo. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari, na duniani kote halioti porini kwingine isipokuwa mlima huu. Watu hulipita wakiuliza simba yuko wapi.

"Tukifika tutauona mlima." Mko ndani yake, mtauonaje? Msitu umefunga. Ili mwone vilele vya Kibo na Mawenzi lazima mwende kwenye kreta ya Maundi, kama robo saa kutoka Mandara, na wingu likubali. Wingu la mchana mara nyingi halikubali. Ndiyo sababu nawasumbua watu wawahi langoni. Hatuwahi barafu, tunawahi wingu.

"Ni kiangazi, mvua haitanyesha." Mvua haisomi kalenda kule. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupandishwa na mteremko wa kusini, hupoa, humwaga maji yake kwenye ukanda ule ule wa msitu mnaoupita. Masika na vuli ni zaidi, lakini koti la mvua libebwe Agosti pia. Na joto hushuka kama digrii sita na ushei kila mita elfu, kwa hiyo jasho la Moshi lisikudanganye. Hapa nina neno na wavaa jinzi. Jinzi ikilowa inakuwa nzito, inaganda magotini, haikauki hadi ulale. Suruali yoyote nyepesi ya michezo inaishinda. Nikiona jinzi langoni huwa nanyamaza tu, maana mwenye jinzi hashauriki, atashauriwa na njia.

"Njia imechongwa vizuri, kiongozi wa nini?" Kwanza ni sheria ya hifadhi: mlimani hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, hata kwa siku moja. Pili, njia kuonekana hakukuambii lini ugeuke. Kazi yangu kubwa siku hiyo ni saa ya mkononi. Msituni giza huingia mapema kuliko barabarani, na mtu aliyechoka hutembea nusu ya mwendo wake. Nikisema tunageuka, tunageuka, hata kama mzee wa kanisa bado anatafuta mtandao.

"Bei ni ya wazungu." Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake cha kiingilio, kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa nje. Njoo na kitambulisho, basi. Msije na bahasha ya noti mkidhani mtahesabiana na askari langoni, malipo yanapita kwenye mfumo wa serikali, kwa hiyo nitumieni majina mapema. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na zile chupa za maji za kununua na kutupa haziruhusiwi kupanda. Kila mtu na chupa yake ya kujaza, lita moja na nusu au mbili.

Halafu kuna hii inayosemwa Mandara, watu wameshiba, wamelegea: "Kazi imekwisha, sasa ni kushuka tu."

Kwenye safari ya siku moja, anayeumia mara nyingi huumia akishuka. Wakati wa kupanda pumzi yenyewe inakufunga breki. Kushuka hakuna kinachokuzuia, goti linapokea uzito wako wote kila hatua, mizizi ina utelezi, na vidole vya miguu vinagonga mbele ya kiatu kwa kilomita zote 8. Kucha nyeusi za Jumatatu hutokana na hapo. Kata kucha siku moja kabla. Kabla hatujaondoka Mandara huwa nasimamisha kila mtu afungue kamba za viatu na kuzifunga upya: arudishe kisigino nyuma kabisa, alegeze kidogo juu ya vidole, akaze kwenye kifundo. Ukiubonyeza mguu mbele ukakuta kidole kinagusa ncha, hujafunga, rudia. Kwenye mteremko, hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, fimbo mbele. Raba iliyoisha soli iache nyumbani.

Na vijana wa ofisini mnaopenda kushindana nani atafika kwanza langoni: mtakaa kwenye basi saa nzima mkiwasubiri wenzenu, na mimi nitakuwa nyuma na yule wa mwisho.