Boti ya familia na visiwa: ile safari ya kurudi Jumapili mchana ndo ya kuiogopa

Kazi yangu ni usalama majini, na katika miaka niliyokaa kwenye taasisi yetu nimeona familia nyingi zikitoka Jumamosi asubuhi vizuri kabisa, jaketi zimefungwa, mafuta full, kila mtu anacheka, alafu tunawasikia Jumapili jioni kwenye redio wakiomba msaada. Kwa hiyo leo sitaongelea sana kutoka. Nataka tuongee kurudi.

Jiweke kwenye hiyo boti. Watoto wamechoka na jua limewachoma, aliyeshika usukani usiku hakulala vizuri manake kila saa alikuwa anaamka kuangalia kama nanga bado imeshika, mafuta yamepungua, na kesho Jumatatu kuna kazi na shule. Mtu akiwa na hali hiyo anaangalia mlango kati ya visiwa viwili, anaona povu, na bado anasema "tutapita tu, si jana tulipita". Jana mlipita asubuhi. Hilo ndo kosa lenyewe, yani watu wanadhani njia ni ileile kumbe njia ya majini inabadilika kila saa.

Kwanza upepo. Jua likipanda nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi inapanda na hewa ya baharini inaingia kuchukua nafasi yake, basi mnapata ule upepo unaoanza polepole kabla ya adhuhuri, unakolea kuanzia kama saa 8 mchana, na jua likikaribia kuzama unalegea. Siyo kila siku wala kila pwani, ila siku za jua kali ndo mtindo wake, na siku za jua kali ndo siku za familia kutembea. Huhitaji kifaa kuupima. Kwenye kipimo cha Beaufort, kile cha madaraja ya nguvu ya upepo, povu jeupe likianza kuonekana moja moja hiyo ni daraja la 3, upepo wa kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa, na povu likitapakaa karibu kila mahali unapotazama mko daraja la 4, kilomita 20 hadi 28. Kwa boti ndogo ya wazi yenye watoto, mimi nikiona daraja la 4 kwenye mlango nabaki kisiwani, sibishani na mtu.

Pili maji kujaa na kupwa, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndo kiini chenyewe. Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya masaa 24 na dakika kama 50, ndo maana kila siku inasogea mbele karibu saa nzima, kama Jumamosi mlango ulitulia saa 3 asubuhi basi Jumapili tegemea karibu saa 4, usiende kwa kukariri. Alafu maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Manahodha wana hesabu yao ya kumi na mbili: saa ya kwanza inaondoka sehemu 1 kati ya 12, saa ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Piga hesabu uone, saa mbili za katikati zinabeba nusu ya maji yote! Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, ndani ya saa ya tatu peke yake kina kinapungua sentimita 75, na maji hayo yote yanalazimika kupita kwenye ule mlango mwembamba kati ya visiwa, kwa hiyo mkondo unakimbia hapo kuliko popote.

Sasa kutanisha hayo mawili. Upepo ukienda upande mmoja na mkondo pia, bahari inalala kiasi, lakini mkondo ukigeuka ukakutana na upepo uso kwa uso mawimbi yanakuwa mafupi, yanasimama wima na yanafuatana karibu karibu, boti haipati nafasi ya kuinuka kabla lingine halijafika. Upepo haujaongezeka hata kidogo, kilichogeuka ni maji. Nimesikia watu wakisema "bahari ilichafuka ghafla", lakini ukifungua jedwali la maji (la saa za kujaa na kupwa) la siku ile unakuta saa ilikuwa imeandikwa tangu mwaka haujaanza.

Kwa hiyo saa ya kurudi ipangwe kabla ya kutoka nyumbani, siyo mkiwa ufukweni mnakunja mahema. Chukua jedwali la maji la eneo lako, tafuta lini mkondo unatulia Jumapili (na angalia vizuri, kuna milango ambayo mkondo hautulii wakati uleule maji yanapofika juu kabisa, wenyeji na chati watakwambia), weka dirisha lako la kupita hapo, ikiwezekana asubuhi kabla upepo haujaamka. Kama dirisha pekee liko saa 10 jioni na utabiri unasema upepo, basi wikendi hiyo siyo ya visiwa vile, nenda karibu zaidi. Na kama familia ndo inaanza, chagueni wikendi ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, msianze na bamvua la mwezi mpevu au mwezi mwandamo wakati mikondo ina nguvu zote. Mafungu ya mchanga nayo ni hivohivo: sehemu yenye kina kidogo ingieni maji yakiwa yanajaa, mkikwama yatawainua yenyewe, mkikwama yakiwa yanakupwa mtakaa masaa.

Mafuta yagawe tatu, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse, hiyo ni ya kupambana na mkondo au kumvuta mwenzio. Nanga nayo kamba iwe ndefu, angalau mara 5 ya kina na usiku mara 7, na kina unachohesabu ni kile cha maji yakijaa ukijumlisha na urefu wa omo, yani mbele ya boti, kutoka kwenye maji. Mtu akitia nanga maji yakiwa yamekupwa kwenye mita 2 akatoa kamba mita 10, usiku maji yakijaa atajikuta anaelea kuelekea mwambani.

Jaketi okozi, najua mmeshachoka kuambiwa. Ila Marekani walinzi wao wa pwani wanachapisha takwimu kila mwaka, na mwaka 2023 kati ya waliozama kwenye ajali za boti za starehe ambao taarifa zao zilijulikana, asilimia 87 hawakuwa wamevaa. Jaketi kuwepo botini, imekaliwa, hakusaidii. Na wakati wa kurudi ndo zinavuliwa, mtoto analalamika joto, mzazi amechoka kubishana, anaiachia. Usiiachie. Ya mtoto inaenda kwa uzito wake siyo kwa umri, iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, na kabla ya kutoka mshike mabegani kwenye jaketi umnyanyue, kidevu chake kikizama ndani ujue ni kubwa, majini itatoka kichwani.

Na mtoto anayezama hapigi kelele. Anahangaika kuvuta pumzi tu, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inakandamiza maji pembeni, hawezi hata kupunga, na ndani ya dakika moja anaweza kuwa ameshapotea. Kwa hiyo akiogelea pembeni ya boti lazima mtu mzima mmoja awe anamtazama yeye tu, bila simu mkononi. Injini izimwe kabisa mtu yeyote akiwa nyuma ya boti, kwanza kwa ajili ya pangaboi, pili kwa ajili ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayokusanyika palepale kwenye ngazi ya nyuma ambapo watoto wanapenda kukaa. Dereva naye ajifunge ile kamba ya kuzima injini, boti ikimtupa bila kamba inaendelea na watoto ndani au inageuka inamrudia.

Kuna kitu kimoja nawaomba sana mkipakie: usiku wa ziada. Maji ya kunywa ya siku moja zaidi, dawa za siku moja zaidi, na kauli kwa bosi na shule kabla hamjaondoka kwamba Jumatatu mnaweza kuchelewa. Mkiwa na hivyo vitu, kusema "leo haturudi" kunakuwa rahisi. Mtu mmoja nchi kavu mwachie majina, rangi ya boti, visiwa mtakavyopita na saa mbili: saa mtakayofika, na saa ambayo kama hamjasikika apige simu ya uokoaji bila kuwaza mara mbili. Mkibadilisha mpango mwambieni, hata kama mtandao ni mpaka mzunguke upande wa pili wa kisiwa.

Simu visiwani haiaminiki, redio ya majini ya VHF kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada, ndo mkombozi, ila familia nyingi anayejua kuitumia ni yule aliyeshika usukani, na huyo ndo anayeweza kuwa ameanguka majini. Boti ikienda kilomita 18 kwa saa inamwacha mtu karibu mita 300 nyuma ndani ya dakika moja. Mtoto wa miaka 10 anaweza kabisa kufundishwa: mmoja anyooshe kidole kwa aliyeanguka asimpoteze kwa macho, mwingine abonyeze kitufe cha redio, aseme Mayday (wito wa hatari) mara tatu, jina la boti, mko wapi, kimetokea nini, mko watu wangapi, aachie kitufe asikilize. Mfundisheni Jumamosi asubuhi boti ikiwa bado imefungwa gatini na redio imezimwa, asome namba za GPS kwa sauti mpaka asikosee, alafu ndo mfungue kamba.